Pampu ya pawa steringi imekufa, gari ina nguvu na unaiendesha kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayapata sana, mengine yanakuja usiku wa manane na kavideo ka sekunde kumi ka gari inayolia "wiiiii" alafu chini ameandika "mkuu hii ni pampu?", kwa hiyo nimeamua kuyaweka sehemu moja. Hapa naongelea gari yenye nguvu ambayo mwenyewe anaenda nayo kazini, anapeleka nayo watoto shule, alafu wikendi mojamoja anaenda kuichosha trakini. Gari ya mashindano tupu ina hesabu zake na sijaiandikia.

Usukani umekuwa mgumu na unalia. Ni pampu, si ndio?

Inawezekana, ila usikimbilie kununua. Pampu inalaumiwa kuliko kitu chochote kwenye huu mfumo na nusu ya zile nilizoona zikitolewa zilikuwa nzima. Anza kwenye kopo la oili. Fungua kifuniko injini ikiwa inawaka, mulika na tochi, angalia oili inavyoonekana. Ikiwa ina povu, vile vijipovu vidogo vidogo kama soda iliyomiminwa sasa hivi, basi kuna hewa inaingia sehemu na hiyo hewa ndo inayolia, pampu inatafuna hewa badala ya oili. Hewa huwa inaingia upande wa kunyonya, yani kati ya kopo na pampu, na huko oili haivuji nje kwa sababu kunanyonywa, ndo maana unaangalia chini ya gari pakavu unaona hakuna tatizo. Bano limelegea, mpira umekauka, o-ringi imekuwa ngumu. Subaru Impreza za enzi ya pawa ya haidroliki (ya oili) zinajulikana kabisa kwa hili, kale ka-o-ringi ka kwenye mdomo wa kuingiza oili kanakakamaa na watu wanabadilisha pampu nzima kwa sababu ya kamduara ka mpira.

Kelele ya belti ni tofauti, yenyewe inapiga kelele kali ya ghafla ukikata usukani hadi mwisho au asubuhi ikiwa baridi. Kelele ya pampu inapanda na kushuka na mizunguko ya injini, kama mtu anapiga mluzi akipandisha sauti.

Na kama usukani ni mgumu upande mmoja tu, kushoto mzuri kulia mgumu, acha pampu, angalia reki (ule mtambo mrefu chini unaosukuma magurudumu kushoto na kulia). Pampu haijui unakata wapi, inasukuma tu.

Ukitaka uhakika kabisa tafuta fundi mwenye geji ya presha yenye valvu. Inafungwa kati ya pampu na hozi ya presha, injini inawaka, valvu inafungwa sekunde chache tu zisizidi tano, namba inasomwa. Pampu ikifika presha ya kwenye kitabu cha gari basi ni nzima, shida iko mbele. Valvu ikifungwa muda mrefu pampu ndo inakufa kweli hapohapo.

Hiyo pampu ndani ina nini hasa?

Ukiifungua utakuta duara la chuma lenye nafasi, ndani ya nafasi kuna mapezi madogo bapa, mara nyingi 10, na hilo duara linazunguka ndani ya ringi ambayo sio ya mviringo kamili, imevutwa kidogo kama yai. Likizunguka, mapezi yanatoka na kurudi, yanakamata oili upande mpana yanaibana upande mwembamba. Alafu kuna valvu mbili muhimu: moja inapunguza oili inayotoka injini ikizunguka kwa kasi, ya pili inafungua presha ikizidi. Mapezi na ile ringi vikilika, au valvu ikikwama kwa uchafu, ndo unapata pampu dhaifu. Sili ya shafti ikichoka, ndo unapata pampu inayovuja nyuma ya puli na kurusha oili kwenye belti.

Nina uhakika gari yangu ina pampu?

Usicheke, kuna mtu alishaagiza pampu ya gari isiyo na pampu. Gari nyingi za miaka ya karibuni zina usukani wa umeme, mota iko kwenye reki au kwenye nguzo ya usukani, hamna oili. Ford Mustang ilihamia huko mwaka 2011, Porsche 911 ilihamia kizazi cha 991. Mazda RX-8 ilikuwa ya umeme tangu mwanzo. Nyingine ziko katikati, kama Toyota MR2 ya mwisho, oili ipo na reki ni ya oili ila pampu inazungushwa na mota ya umeme, haina belti. Fungua boneti tafuta kopo na puli, dakika mbili.

Ninunue mpya, ya ovahoo, au used?

Kwa gari ya kila siku mimi napanga hivi: ya kwanza ni mpya ya kampuni ileile iliyokitengenezea kiwanda cha gari. Kiwanda cha gari mara nyingi hakitengenezi pampu chenyewe, BMW kwa mfano nyingi zimefungwa za ZF au LuK, kwa hiyo boksi la LuK na boksi lenye nembo ya gari unaweza kukuta vitu vilevile ndani, bei ndo tofauti.

Ya pili ni ya ovahoo, yani iliyofunguliwa ikatengenezwa upya, lakini ya ovahoo ya kweli. Na hapa nielezee kidogo kwa sababu ndo watu wanaumia. Kuna ovahoo ya kufungua, kupima ringi na mapezi, kubadilisha kilicholika, kuweka beringi na sili mpya, na kuipima kwenye mashine kabla haijatoka. Alafu kuna ovahoo ya sili na rangi nyeusi. Kwa nje zinafanana, tena ile ya rangi ndo inang'aa zaidi. Muulize muuzaji maswali mawili: ringi na mapezi mmebadilisha au mmeyaacha? Imepimwa presha na mtiririko? Akianza kukwambia "hizi hazina shida boss" bila kujibu, umeshajibiwa. Angalia na waranti, na soma masharti, nyingi zinafutika kama hukusafisha mfumo au hukubadilisha kopo.

Mimi niliwahi kununua ya sili na rangi. Ilikaa wiki tano, nikarudishiwa nyingine, nayo ikaanza kulia ndani ya mwezi. Kutoa pampu mara tatu kwenye injini iliyobanana vile, vidole vyangu havijasahau.

Used inategemea. Ukiitoa mwenyewe kwenye gari uliyoisikia ikiwaka, sawa. Ikiwa mezani kwa muuzaji, zungusha shafti kwa mkono: inatakiwa izunguke laini na uzito kidogo ulio sawasawa mzunguko mzima, isikwaruze, isitikisike ukiivuta juu na chini. Ingiza kitambaa cheupe kwenye mdomo wa oili, kikitoka na chengachenga zinazometa achana nayo hata kama ni ya bure.

Kuna pampu za "performance" zenye mtiririko mkubwa. Si ndo nzuri kwa gari yenye nguvu?

Nguvu ya injini haihusiani na pampu ya usukani, wengi hapa ndo wanapochanganya. Pampu inaangalia reki au boksi ya usukani, upana wa tairi, uzito wa mbele, na kasta uliyoweka (pembe ya mhimili ambao magurudumu ya mbele yanakatia). Ukiongeza kasta na tairi pana zinazoshika sana usukani unakuwa mzito, hiyo ni kweli, lakini pampu ya kiwandani kwenye gari ya aina hiyo kwa kawaida ina akiba.

Shika hivi: presha ndo nguvu ya kusaidia, mtiririko ndo kasi ya kusaidia. Presha ikiwa ndogo usukani mgumu ukiwa umesimama unapaki. Mtiririko ukiwa mdogo usukani ni mwepesi ukikata taratibu ila ukikata haraka unagoma kidogo katikati kama umegonga kitu alafu unaendelea. Mtiririko ukizidi usukani unakuwa mwepesi mno, unaelea, hausikii barabara, na kwenye gari ya kuendesha kwa raha hiyo ni hasara. Wanaotengeneza gari za zamani za Kimarekani wanalijua hili vizuri, wanafunga reki ya Mustang II na pampu ya Saginaw (kampuni ya vipuri vya usukani ya GM) iliyotengenezewa boksi kubwa ya usukani ya GM, alafu gari inayumba barabarani kama ina wazimu. Dawa yake ni kupunguza, kuna fitingi yenye tundu dogo nyuma ya hozi ya presha, ukubwa wa hilo tundu ndo unaamua mtiririko, na shimu (washa nyembamba za kurekebisha) kwenye valvu ndo zinaamua presha.

Kwa hiyo jibu langu: kama reki ni ya kiwandani, chukua pampu yenye namba zilezile za kiwandani. Pampu kubwa iache mpaka siku utakapobadilisha reki.

Namba zenyewe zikoje?

Gari ndogo na za kati presha ya juu inaangukia humo kwenye bar 70 hadi 120, na mtiririko lita 6 hadi 10 kwa dakika. Baadhi ya pampu za Ulaya zina kibandiko chenye bar imeandikwa kabisa, na injini moja inaweza kuwa ilitoka na pampu mbili tofauti kulingana na aina ya reki, kwa hiyo soma kibandiko cha ya kwako usisome cha rafiki yako.

Kabla sijalipa nilinganishe nini?

Weka ya zamani na mpya mezani pamoja kama unaweza. Namba ya kipuri kwanza, kuliko mwaka wa gari, kwa sababu katikati ya mwaka huwa wanabadilisha. Alafu mashimo ya bolti, upande inaozunguka, puli ina mifereji mingapi na imekaa umbali gani kutoka kwenye mwili wa pampu. Alafu mdomo wa presha: kuna za washa za kopa, kuna za o-ringi, kuna za koni. Saginaw za kabla ya 1980 zilikuwa za koni na nyuzi za inchi, baadae wakaenda o-ringi na nyuzi za milimita, ukilazimisha hozi ya huku kwenye ya kule inaingia mizunguko miwili unafurahi, wa tatu umeua nyuzi.

Angalia pia soketi ya swichi ya presha. Ile swichi inaiambia kompyuta "dereva anakata usukani, ongeza sailensi", yani mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama. Pampu isiyo nayo itafunga vizuri tu, ila gari itakuwa inataka kuzima ukipaki. Toyota za zamani kazi hiyo inafanywa na kavalvu kenye vipaipu viwili vya hewa juu ya pampu, na kakichoka kananyonya oili ya usukani kupeleka kwenye injini, unaona moshi mweupe unadhani injini imekufa.

Na wenye Nissan Skyline R32 yenye HICAS (mfumo unaokata na magurudumu ya nyuma), pampu yenu inalisha na nyuma pia. Ukiweka ya R32 isiyo na HICAS magurudumu ya nyuma hayapati oili.

Oili gani?

Iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mengine yote ni ubishi. ATF (oili ya gia otomatiki) ni nyekundu, CHF 11S (oili ya haidroliki ya gari nyingi za Ulaya) ni ya kijani, Honda wana ya kwao. Sili zimechaguliwa kulingana na oili, ukiweka isiyo yake zinavimba au zinakauka, na haitokei leo, inatokea miezi baadae wakati umeshasahau ulichomimina. Usichanganye. Na kama hujui aliyekuuzia gari aliweka nini, mwaga yote uanze upya.

Nikiweka puli kubwa si itasaidia?

Hapa pana hesabu tamu. Tuseme pampu inasukuma sentimita za ujazo 10 kila mzunguko na inazunguka sawa na injini. Sailensi kwenye mizunguko 800 inatoa lita 8 kwa dakika, inakutosha kupaki. Ukiwa trakini kwenye 7000 inataka kutoa lita 70, na reki bado inahitaji zilezile 8. Zile 62 zinaenda wapi? Zinazunguka ndani ya pampu yenyewe kupitia ile valvu, zinasuguana, zinachemka. Ndo maana watu wanarudi kutoka trakini na oili imemwagika kupitia kifuniko cha kopo hadi kwenye egzosi, na moshi kibao.

Ukiweka puli yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 20, kule juu pampu inashuka hadi mizunguko kama 5800, nzuri. Ila sailensi inabaki kama 670, yani lita 6.7, na kwenye kuegesha ndo utalisikia. Kwa gari ya kila siku asilimia 10 hadi 15 naona inavumilika, zaidi ya hapo unajitesa siku 29 kwa ajili ya siku moja. Pima na urefu wa belti upya, ile ya zamani haitotosha.

Kipoza oili kina umuhimu?

Kuliko pampu ya bei mbaya. Oili ikikaa juu ya nyuzi joto 120 muda mrefu inaharibika, sili zinakuwa ngumu kama plastiki, pampu mpya inageuka ya zamani mapema. Gari nyingi zinatoka na kabomba tu kaliyokunjwa mbele ya radieta. Kipoza kidogo chenye mapezi kikifungwa kwenye mpira wa kurudi, ule unaorudisha oili kwenye kopo, sio wa presha, nasisitiza wa kurudi, kinafanya kazi nzuri. Mpira uwe wa kuhimili oili na joto, sio ule wa maji.

Pampu ya zamani ilitoa vyuma. Nafanyaje?

Chovya kidole kwenye kopo, paka kwenye karatasi nyeupe juani. Ukiona inameta kama rangi ya gari ya metaliki, hizo ni mapezi na ringi, na sasa ziko kwenye reki, kwenye kipoza, kila mahali. Ukifunga pampu mpya hapohapo unailisha vyuma. Toa mpira wa kurudi, uelekeze kwenye ndoo, ziba mdomo wake kwenye kopo, nyanyua magurudumu ya mbele, mtu azungushe usukani taratibu injini ikiwa imezimwa huku wewe unaongeza oili safi hadi inayotoka iwe safi. Kopo badilisha lote, mengi yana chujio ndani lisilotoka, na chujio likiziba pampu inakosa oili na inalia kama ile ya mwanzo. Kichujio chenye sumaku kwenye mpira wa kurudi ni kitu kidogo chenye faida.

Naweza kufunga mwenyewe?

Kama umeshabadilisha altaneta, unaweza. Kitu kimoja tu: puli za kubana kwa nguvu usizigonge na nyundo. Kuna kifaa cha kuvutia na kifaa cha kusukumia, azima au kodi. Nyundo inapeleka shafti ndani na kuharibu kila nilichoeleza juu, pampu inakufa kabla haijawahi kuwaka. Washa za kopa weka mpya kila mara.

Kutoa hewa ndo subira inapotakiwa. Jaza pampu oili kabla ya kuifunga, zungusha puli kwa mkono. Nyanyua mbele, injini imezima, kata usukani mwisho hadi mwisho kama mara 20 huku ukiongeza oili. Acha ipumzike. Ndo uwashe, na ukifika mwisho usishikilie. Wengi wanawasha kwanza, hewa inapigwapigwa inakuwa povu laini, na hilo povu kulitoa utasubiri usiku mzima.

Nitoe pawa kabisa niwe huru?

Kukata belti sio kutoa pawa, oili iliyobaki kwenye reki inakupinga kila kona. Kufanya vizuri ni kufungua reki, kutoa sili ya pistoni, na kuifunga ile fimbo inayojipinda kwenye valvu isijipinde. Kwenye gari nyepesi kama Mazda MX-5 ya kwanza inapendeza. Kwenye gari ya tani moja na nusu yenye tairi za upana wa milimita 255 mbele, paki mara tatu kwa siku alafu uje tuongee.

Na hizi pampu za umeme watu wanazohamishia?

Zinafaa ukiwa umebadilisha injini na hamna nafasi ya puli. Zinaweza kuvuta zaidi ya ampia 50 ukikata usukani umesimama, kwa hiyo waya mnene, fyuzi yake, altaneta yenye afya. Nyingine zinasubiri taarifa ya spidi kutoka kwenye kompyuta ya gari, zikiikosa zinakaa kwenye kiwango kimoja tu. Uliza hilo kabla hujalipa.

Nimefunga mpya, nimetoa hewa, bado inalia!

Siku mbili za kwanza kulia kidogo ni kawaida, hewa ya mwishomwisho inatoka. Zaidi ya hapo rudi upande wa kunyonya. Ya kwangu ya tatu, ile niliyokubali hatimaye kununua mpya ya kampuni ya kweli, nayo ililia. Nikakaa siku tatu naisikiliza, nimeshaanza kuandika meseji ya kumtukana muuzaji, ndo nikaubinya mpira kati ya kopo na pampu. Ulikuwa mgumu kama bomba la maji, bano limekazwa hadi mwisho lakini mpira wenyewe haubani tena. Nikakata mpya sentimita 20, bano mbili mpya, nikafuta meseji.